Handel Analipa? Maswali Yenu Kuhusu Kazi ya Opera ya Baroko

Toleo lililopita niligusia kidogo kazi yangu, kwamba mi naimba alto kwenye vikundi vya muziki wa kale huku Uholanzi, yaani opera (tamthilia zinazoimbwa) za baroko na kazi za kanisani za kina Monteverdi, Bach na Handel, muziki wa kuanzia kama 1600 mpaka 1750 hivi, na tunaupiga kwa ala za zama zile zile. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua sita, majina nimeyatoa, na pale mtu alipouliza kwa uchungu nimejitahidi nisimjibu juu juu.

*

"Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 22 niko Kisauni, naimba kwaya parokiani. Sauti yangu ya kuongea ni besi kabisa ila nikipandisha naimba alto vizuri, mwalimu wa kwaya hunipeleka kwa alto wasichana wakipungua. Wenzangu wananicheka eti naimba kama mwanamke. Sasa ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024 nikaona jamaa anaimba sauti kama yangu alafu anacheza breki-dansi hapo hapo kwenye mvua. Ile ni kazi kweli? Kuna watu wanalipwa kuimba vile?"

Marahaba mdogo wangu. Ni kazi, na ina jina lake: kauntatena. Uliyemuona ni Jakub Józef Orliński, Mpolandi wa 1990, na alichokuwa anaimba ni muziki wa mtunzi Rameau wa Ufaransa, kutoka Les Indes galantes, opera ya 1735. Na hilo la kuongea besi halafu ukaimba alto lisikutie wasiwasi, maana kauntatena wengi ndivyo walivyo, ukikaa nao mezani unasikia baritoni za kawaida tu, ila akisimama kuimba anatumia ile sauti ya juu ambayo ameifundisha kwa miaka mpaka ikapata mwili na nguvu ya kufika kiti cha mwisho bila maiki.

Ngoja nikueleze kwa nini hiyo nafasi ipo, sababu historia yake inauma. Opera za enzi hizo mashujaa wake, wafalme na majemadari, waliandikiwa sauti za juu, na walioziimba walikuwa wanaume waliohasiwa utotoni kabla sauti haijavunjika, wengi watoto wa familia maskini za Italia. Aliyepata jina kuliko wote ni Farinelli, aliyezaliwa 1705, akafika mpaka Madrid 1737 kumwimbia mfalme Felipe wa Tano. Lakini kwa kila Farinelli mmoja kuna watoto chungu nzima walioharibiwa wasipate kitu chochote, na mi nikiimba nyimbo zile huwa nawakumbuka hao. Ukatili ule ukaja ukaisha, wa mwisho aliyerekodiwa, Alessandro Moreschi, alifariki 1922. Sasa opera zikarudi kupigwa na waimbaji wake hawapo. Giulio Cesare ya Handel, yaani Julius Kaisari, ya 1724, iliandikwa kwa Senesino, mmoja wa wale waliohasiwa, lakini Wajerumani walipoifufua miaka ya 1920 wakaishusha sauti ya Kaisari akawa anaimba besi, na muziki ukakosa pumzi.

Aliyebadilisha mambo ni mtu wa kwaya, kama wewe. Alfred Deller, Mwingereza, alikuwa anaimba alto kwenye kanisa kuu la Canterbury, akasikiwa na mtunzi Michael Tippett miaka ya 1940, na kufika 1960 Benjamin Britten akamwandikia nafasi nzima kwenye opera yake mpya. Kutoka kwa yule mmoja leo ni fani, ina walimu, ina mashindano, na nyumba za opera zinatafuta.

Na usione ni ya wazungu peke yao. Serge Kakudji ni kauntatena kutoka Kongo, mtoto wa Katanga, huko wanakozungumza Kiswahili kama sisi. 2014 alitoka na onyesho la Coup fatal, nyimbo za baroko zikipigwa na wanamuziki wa Kinshasa, likembe (ile ala ya Kongo ya kupigwa kwa vidole gumba) na magitaa, wakalipeleka Vienna na Avignon. Nikisikiliza pale likembe inapoingia chini ya wimbo wa Handel mwili unanisisimka mpaka leo.

Hata zama zenyewe haziko mbali na wewe. Ukivuka daraja la Nyali ukashuka mjini mpaka Fort Jesus, kumbuka opera ya Orfeo ya Monteverdi ilipopigwa Mantova, Italia, 1607 Wareno walikuwa mle ndani ya ngome. Wakafukuzwa 1698, wakarudi 1728 kwa muda mfupi, na miaka ile ile ya 1720 mfalme wao kule Lisbon, João wa Tano, alikuwa na mtunzi Domenico Scarlatti kwenye jumba lake akimfundisha binti mfalme kinanda. Dunia ilikuwa moja.

Sasa ya kufanya. Kwanza tafuta mwalimu wa sauti mwenye subira, asikulazimishe kupiga kelele juu, manake sauti hii ikisukumwa inachakaa. Pili, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, jifunze kusoma nota za mistari. Kwaya zetu tunasoma do-re-mi, tunasoma vizuri sana tena kwa kasi, lakini mlango wa kwanza unaotufungia ni huo, unafika kwenye usaili unapewa karatasi ya mistari mitano na hao jamaa hawana muda wa kukusubiri. Nota zenyewe za Handel na Bach zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP. Anza na "Ombra mai fu" kutoka Serse ya 1738, ni fupi, haipandi sana, ni mfalme anaushukuru mti kwa kivuli chake, na wewe mtu wa Mombasa jua la saa saba unalijua, utaimba kwa kuelewa. Jifunze na Kiitaliano kidogo kidogo, sio maneno ya wimbo tu, uweze kuagiza chakula na kugombana kwa lugha hiyo, sababu zile sehemu za kusemasema kati ya wimbo na wimbo, resitativo, usipoielewa lugha unazisoma kama tangazo.

Na ukweli mwingine uujue mapema: opera moja ina nafasi mbili tatu za kauntatena na mnaozitaka ni wengi. Wengi wanaishi kwa kuimba mstari wa alto kwenye kwaya ndogo za kulipwa, na Uingereza makanisa makuu yana waimbaji watu wazima wanaolipwa kuimba ibada karibu kila siku. Sio jukwaa la Paris ila ni kazi, unakula, na unasoma nota mpya kila jioni mpaka zinakuwa kama gazeti.

Wanaokucheka waache. Waambie Kaisari mwenyewe aliimba alto.

*

"Nimesikiliza rekodi mbili za Messiah ya Handel, moja iko chini kidogo kuliko piano yetu ya kanisani. Waliopiga walikosea ama rekodi mbovu?" (Msomaji, Moshi)

Hawajakosea ndugu yangu. Piano yako, ile nota ya "la" imewekwa mitetemo 440 kwa sekunde, vikundi vya ala za kale vingi vinaweka 415, ambayo ni kama nusu toni chini. Kwa opera za Kifaransa tunashuka mpaka 392, na kwa muziki wa Venice wa kina Monteverdi wengine wanapanda mpaka 465. Zamani kila mji ulikuwa na la yake, hii 415 ni makubaliano ya siku hizi ili tuweze kufanya kazi pamoja. Kwa kazi yetu maana yake ni kwamba mpiga fidla ana fidla mbili na pinde mbili, nyuzi zenyewe ni za utumbo wa kondoo na unyevu ukibadilika tu zinalegea, kwa hiyo usishangae kwenye onyesho wakisimama katikati kukaza nyuzi.

*

"Mwanangu, mimi ni mama wa watoto wanne, Tabata. Binti yangu wa tatu yuko mwaka wa pili chuo, anasoma uhasibu, na anapiga kinanda kanisani tangu yuko darasa la sita. Sasa ametuambia anataka kuacha aende Uholanzi kusomea kinanda cha zamani kinaitwa hapsikodi. Baba yake hazungumzi naye wiki ya pili. Tuna kiwanja Kibaha tunaweza kuuza. Naomba uniambie kweli kama mtoto wako mwenyewe, huko kuna mshahara wa mwisho wa mwezi?"

Mama shikamoo. Nakujibu kwanza alafu nitaeleza: mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa wengi wetu, hakuna. Na kiwanja naomba msiuze bado.

Hii kazi ni vibarua. Vibarua vya heshima, vyenye mikataba na tiketi za treni na hoteli, lakini vibarua. Kikundi kinakupigia simu, wana opera wiki tano au oratorio (hadithi ya dini inayoimbwa bila maigizo) siku nne, wanakulipa kwa maonyesho na mazoezi, mkimaliza mnakumbatiana, kila mtu na njia yake mpaka simu nyingine ilie. Okestra za kawaida za mjini zina waajiriwa wenye pensheni, za kwetu chache sana. Mi mwaka wangu unaamuliwa na Pasaka, maana Waholanzi wana mapenzi na Mateso ya Matayo ya Bach kiasi kwamba karibu kila mji unaipiga kabla ya Ijumaa Kuu, tunazunguka kama wauza tende mwezi wa Ramadhani, alafu Disemba inakuja Messiah na kazi za Noeli, na katikati hapo kuna miezi unafundisha watoto au unakaa unahesabu akiba. Pasaka ya 2020 corona ilipoingia mikataba yangu yote ya msimu ilifutika ndani ya siku nne, mingi bila senti. Na kuna kikundi kimoja, sikitaji, kilikaa na pesa yangu miezi minane, nilikuwa nawaandikia kila Jumatatu mpaka wakalipa.

Sikuelezi haya ili umkatishe binti tamaa. Nataka akiingia aingie anajua, sababu wanaoumia ni wale waliodhani wakishapata cheti kuna mlango unafunguka. Hata wakubwa waliotuanzishia njia hii hawakuishi kwa hapsikodi na opera za kale peke yake. Nikolaus Harnoncourt alianzisha kikundi cha Concentus Musicus kule Vienna 1953, na wakati huo mchana alikuwa anapiga selo kwenye okestra ya kawaida ya jiji, akakaa pale mpaka 1969, yaani miaka zaidi ya 15 ana kazi mbili. Gustav Leonhardt, ambaye kwa hapsikodi ya karne iliyopita ndiye baba, alikuwa mwalimu wa chuo Amsterdam na pia mpiga ogani kanisani. Na Handel mwenyewe, kampuni ya opera aliyokuwa anaitumikia London, ile Royal Academy, 1728 pesa ziliisha ikasimama, ikabidi atafute mtaji aanze upya.

Kuna kisa nakipenda sana nikikaa na wanafunzi wangu. Kabla hata ya opera kuzaliwa kulikuwa na mpiga tarumbeta mweusi kwenye jumba la mfalme wa Uingereza, John Blanke, yuko kwenye vitabu vya malipo vya 1507, na picha yake ipo, amechorwa juu ya farasi na kilemba chake kwenye gombo la mashindano ya 1511. Alikuwa analipwa peni 8 kwa siku. Mwenzake mmoja alipofariki akamwandikia Henry wa Nane barua kwamba mshahara wake hautoshi, anaomba nafasi ya marehemu pamoja na peni zake 16, na akapewa. Miaka zaidi ya 500 iliyopita, mtu mweusi, mbele ya mfalme yule aliyekata vichwa vya wake zake, aliomba nyongeza. Kwa hiyo binti akifika huku asione aibu kutaja bei yake.

Sasa hesabu zenyewe. Hapsikodi ina jambo zuri: kila opera ya baroko inaihitaji, maana ndiyo inayomshikilia mwimbaji, mpigaji anaona mstari wa besi tu na tarakimu juu yake, mengine anayatunga papo hapo kwa masikio, na mtu aliyekulia kwenye ogani ya kanisa akifuata waumini wanaopandisha na kushusha watakavyo amekwisha jifunza nusu ya kazi hiyo bila kujua. Jambo gumu: kikundi kizima kinahitaji mpigaji mmoja au wawili, wakati wapiga fidla wanahitajika kumi. Na chombo chenyewe bei yake inafika ya gari, kinahitaji gari pia kukibeba, na mpigaji anakiweka sawa mwenyewe kabla ya kila onyesho, na mara nyingi hata katikati. Vyuo huwa vinawaazima wanafunzi, baada ya hapo ni juu yako.

Ndiyo maana nasema asiiache ogani. Kanisani ndiko kwenye mshahara. Wapiga hapsikodi wengi ninaowajua wana kanisa lao la Jumapili, Ujerumani hasa, na hilo kanisa ndilo linalolipa kodi ya nyumba.

Nchi nazo zinatofautiana, mama. Ufaransa wana utaratibu kwamba msanii akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 mfuko wa bima ya wasio na kazi unamlipa zile siku asizo na kazi, na mi naamini kabisa Wafaransa wasingekuwa na vikundi vingi vya baroko vile bila huo utaratibu, sio vipaji peke yake. Freiburg kuna okestra ya baroko tangu 1987 ambayo wapigaji ndio wenyewe wenye mali, kama ushirika, wanaamua pamoja. Na kwa masomo, Uholanzi ada ya mtu wa nje ya Ulaya ni kubwa mno kuliko ya Mzungu, lakini vyuo vya serikali vya Ujerumani majimbo mengi hayatozi ada, unatoa mchango wa muhula tu, ingawa Baden-Württemberg tangu 2017 wanatoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Lazima ajue Kijerumani na lazima aonyeshe ubalozini pesa ya kujikimu, hapo ndipo kiwanja kinapoweza kuingia, sio kabla.

Ushauri wangu kama binti yako: amalize uhasibu. Miaka miwili. Wakati huo ajifunze Kijerumani, apige Bach kila siku, atume video kwa walimu, wengi wanajibu. Uhasibu hautapotea hata kidogo, huku kila msanii ni kampuni ya mtu mmoja, unajaza kodi mwenyewe nchi tatu kwa mwaka, na vikundi vinakufa kwa kukosa mtu wa kushika daftari la pesa kuliko vinavyokufa kwa kukosa muziki. Na baba msalimie. Mwambie wiki mbili zinatosha, mtoto hajaomba kitu kibaya.

*

"Nina miaka 33, muuguzi, naishi Minneapolis, kwaya ya Waswahili hapa ndio mi nawaongoza soprano. Nimechelewa?"

Kwa opera kubwa, umechelewa dada, sitakudanganya. Kwa muziki wa kale wa vikundi vidogo, hapana. Emma Kirkby, soprano ambaye sauti yake ndiyo iliyofanya watu waisikie upya baroko ya Uingereza, alisomea Kilatini na Kigiriki Oxford akawa mwalimu wa shule, kuimba ilikuwa pembeni. Philippe Herreweghe, mwongozaji wa kikundi cha Collegium Vocale Gent, alisomea udaktari wa magonjwa ya akili. Uwe na sauti safi isiyotetemeka sana, usome nota haraka, ufike mazoezini kwa wakati, na zamu zako za hospitali usiziache.

*

"Mimi ni Mzanzibari niko Leeds. Nimesoma kwamba Handel alikuwa na hisa kwenye kampuni ya biashara ya watumwa. Sisi tunaoijua Mkunazini, unawezaje kusimama ukaimba Haleluya ya mtu huyo na ukapokea pesa? Nauliza kwa heshima."

Nimekaa na swali lako siku nyingi kaka, na kwa heshima hiyo hiyo nakujibu.

Ni kweli. Jina la Handel lipo kwenye vitabu vya Royal African Company, kampuni iliyobeba watu kutoka Afrika Magharibi, na baadhi ya mabwana waliotoa mtaji wa opera yake London walikuwa na pesa humo pia. Velvet na mishumaa ya ukumbi ule ilikuwa na damu ndani yake. Sitaki mtu aniambie "zama zile kila mtu alifanya", maana hata zama zile kulikuwa na waliokuwa ndani ya meli, na wao hawakuona ni kawaida.

Lakini na mimi nimeimba Haleluya ile ndani ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Tuliimba kwa Kiswahili, watu wa Unguja, Pemba, Tanga, na nilipofika "milele na milele" sauti ilikatika kwa sababu nilijua nimesimama juu ya nini. Siwezi kukwambia muziki ule ni wake peke yake baada ya siku ile. Bibi zetu wa kwaya wameuimba miaka mingi, kwa lugha yetu, kwa pumzi yetu. Kuuacha ningekuwa namwachia yeye.

Ninachokataa ni kuimba kimya kimya. Kila nikiitwa kuimba Handel naomba iandikwe kwenye kijitabu cha onyesho, mstari mmoja tu, pesa zilitoka wapi. Wengine wanakubali, tamasha moja lilikataa kabisa na mwaka uliofuata sikuitwa. Na wapo wengine wanaoisukuma kazi hii mahali pazuri. Reginald Mobley, kauntatena Mmarekani mweusi, amekuwa mshauri wa programu kwenye Handel and Haydn Society ya Boston, chama cha tangu 1815, na anawaleta jukwaani watunzi weusi waliosahauliwa. Ignatius Sancho, aliyetoka utumwani akawa na duka lake London, alichapisha muziki wake wa dansi miaka ya 1760, nota zipo, zinapigika, ni nzuri. Jordi Savall wa Katalunya amezunguka na programu nzima ya njia za utumwa akiwa na wanamuziki wa Mali. Na 2021 Jeanine De Bique, binti wa Trinidad, alisimama Palais Garnier, ukumbi wa opera wa Paris, akaimba Alcina, mchawi mwenye kisiwa chake, kwenye opera ya Handel, jioni nzima ni yake. Mi siku ile nililia kaka.

Ukiamua wewe usiusikilize nitakuelewa kabisa.

*

"Assalaam alaykum. Nimepiga udi katika taarab miaka 26, hapa Unguja. Kijana mmoja wa Kizungu alikuja na ala ina shingo ndefu kuliko mtu, akaniambia ni ndugu wa udi. Je, mtu kama mimi anaweza kupata riziki katika opera zenu?"

Waalaykum salaam Maalim, na shikamoo. Huyo kijana kakwambia kweli. Ala ile ni teobo, ni mtoto wa luti, na luti ni al-ud yenyewe iliyovuka na Waarabu mpaka Andalusia, Wazungu wakaibeba na jina lake likaharibika njiani. Tofauti utaziona mara moja: luti ina vikingo vya nyuzi vilivyofungwa shingoni, yako haina, wao waliacha risha wakaanza kupiga kwa vidole, na teobo Waitaliano wakairefusha shingo mwishoni mwa karne ya 16 ili ipate besi nzito za kumsindikiza mwimbaji. Opera ilipoanza ndiyo iliyokuwa pale, pamoja na hapsikodi.

Na unachokifanya wewe ndicho wanachotumia miaka minne kujifunza chuoni. Mwimbaji wa taarab akichelewa unamsubiri, akiongeza doido unalisikia kabla hajalimaliza, ukipewa nafasi unapiga taksim ambayo hukuiandika. Opera ya baroko ndivyo inavyokwenda, wimbo unarudiwa kutoka mwanzo na safari ya pili mwimbaji lazima atie madoido yake mwenyewe, anayeimba vile vile anaonekana hana akili. Mi nilipofika huku walimu walishangaa nilivyoelewa hilo upesi, nikawaambia nimekua nikiwasikiliza wazee wa taarab wa Nadi Ikhwan Safaa kwenye kaseti za mama yangu.

Riziki ipo, lakini mlango wako ni tofauti na wa kijana. Usiende kujifunza teobo ukashindane na watoto wa miaka 20. Vikundi kama Hespèrion ya Savall, kilichoanzia Basel 1974, wanahitaji wapiga udi na ganuni wapigao kama wapigavyo kwao, na Driss El Maloumi wa Morocco amezunguka dunia na udi wake akiwa nao, hakubadilisha risha wala makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Unachohitaji ni rekodi safi, dakika tano tu za udi peke yake na tano ukimsindikiza mwimbaji, uzipeleke kwa matamasha ya muziki wa kale, Utrecht kule linafanyika kila mwaka mwisho wa Agosti. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile kilichoanzia 2002 nyumba ya forodha ya zamani Mji Mkongwe, vijana wake watakusaidia kurekodi.

Ukiwa tayari niandikie. Nina mradi wa Monteverdi mwakani na kuna nyimbo tatu ambazo tangu siku ya kwanza nilizisikia na udi chini yake, na nikiwaambia wenzangu huwa naziimba kwa mdomo, tirim tirim, wanacheka, hawajui ninachosikia. Wewe ukilipiga mara moja watajua.